Askari Aliyefukuzwa Jeshi Asifungiwe Mlango Milele

Ngerengere, mashariki ya Milima ya Uluguru, ni mji mdogo unaoishi na jeshi. Reli ya Kati ilipita hapo tangu enzi za Wajerumani, mashamba ya mkonge yakawapo, kisha katika miaka ya 1970 ikajengwa kambi ya ndege za kivita kwa msaada wa China. Tangu hapo mama lishe, mwenye vyumba vya kupangisha na dereva wa bodaboda wote riziki yao inagusana na watu wa magwanda. Mahali kama hapo jina la askari lina thamani kuliko kiinua mgongo chake. Aliyestaafu kwa heshima huitwa afande mpaka siku anazikwa. Aliyefukuzwa naye hana pa kujificha, kwa sababu mji unamjua, na hukumu juu yake ni fupi: jeshi halimwonei mtu; kama kafukuzwa, basi kuna alilolifanya; na kulifungua tena faili lake ni kulidhalilisha jeshi mbele ya raia. Maoni haya utayasikia popote penye kambi, na utayasikia hata kwa watu ambao katika mambo mengine yote ni watetezi wakali wa haki. Nayapinga. Nadai kwamba askari aliyefukuzwa kama adhabu anapaswa kuwa na haki, iliyoandikwa katika sheria, ya kuomba kuondoka kwake kupitiwe upya hata baada ya miaka mingi, na kwamba jeshi lenye haki hiyo huwa imara kuliko lisilo nayo.

Tuanze na adhabu yenyewe, maana wengi wanaoitetea hawajaitazama vizuri. Adhabu nyingine za kijeshi zina mwisho. Kifungo kina tarehe ya kutoka. Faini ikishalipwa imekwisha. Aliyevuliwa cheo anaweza kufanya kazi kwa bidii akakirudisha, na aliyewekwa lokapu kwa utoro hurudi kwenye gwaride akaendelea na maisha. Kufukuzwa hakuna tarehe ya mwisho. Zaidi ya hapo, adhabu hii hutamkwa kambini lakini hutumikiwa uraiani. Kampuni ya ulinzi inapotaka mlinzi, kitu cha kwanza inachomuuliza mtu aliyewahi kushika silaha ni namna alivyoondoka jeshini. Hali ni hiyo hiyo akitaka kazi serikalini, akigombea uenyekiti wa kijiji, au akitaka kujiunga na wastaafu wenzake. Watoto wake husoma na watoto wa waliobaki kazini, na wanaambiwa. Adhabu inayotumikiwa mbele ya macho ya raia, kwa miaka thelathini au arobaini, haiwezi kuwa jambo la ndani la jeshi peke yake. Sisi raia ndio tunaoitekeleza, siku baada ya siku, na kwa hiyo tuna haki ya kuuliza kama ilitolewa sawasawa na kama bado inastahili.

Mlinganishe askari huyo na jirani yake. Mfagizi aliyeajiriwa na kampuni binafsi hapo Ngerengere akiachishwa kazi bila sababu anaweza kupeleka shauri lake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na mwajiri ndiye atakayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba alimwachisha kwa haki. Karani wa halmashauri akifukuzwa anayo njia ya kukata rufaa kwenye Tume ya Utumishi wa Umma. Askari hana njia hizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 2, inawatoa wazi wanajeshi wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), polisi, magereza na Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Sina ugomvi na msingi wa jambo hilo. Jeshi haliwezi kuwa na chama cha wafanyakazi wala migomo, na kamanda hawezi kujadiliana na askari wake kuhusu amri. Lakini serikali inapomwondoa mtu kwenye ulinzi wa sheria unaowahusu wafanyakazi wote, inajitwisha deni la kumpa ulinzi mwingine wenye uzito ule ule. Mtu tuliyemwomba awe tayari kufa kwa ajili yetu amebaki na kinga ndogo kuliko mfagizi, na hakuna hoja ya nidhamu inayoweza kulihalalisha hilo.

Hapo wapinzani wangu hujibu haraka kwamba njia zipo: kuna rufaa, kuna Mahakama Kuu, na juu ya yote kuna Rais. Jibu hili linaonekana kamili mpaka ulikague. Rufaa ni chombo cha siku zile zile. Inaangalia ushahidi uliokuwapo na kuuliza kama sheria ilifuatwa, na ina muda wake ambao mtu aliyetoka kambini na begi moja, hana wakili wala nauli, mara nyingi humpita kabla hajajua pa kuanzia. Maombi ya kuitaka Mahakama Kuu ipitie uamuzi wa chombo cha serikali yanatakiwa kufunguliwa ndani ya miezi 6, na hata yakisikilizwa, mahakama huchunguza uhalali na utaratibu, haijiulizi kama adhabu ilikuwa kubwa kupita kosa. Tena wapo wanaoondolewa kwa uamuzi wa kiutawala, bila kufika mbele ya mahakama ya kijeshi. Aliyeondolewa hivyo hana hukumu ya kuikatia rufaa. Ana barua tu. Kuhusu Rais, Ibara ya 45 ya Katiba inampa mamlaka ya kusamehe waliotiwa hatiani na mahakama. Ni mamlaka makubwa na ya utu, lakini anayesamehewa husamehewa akiwa mkosaji. Mtu anayesema hakutenda, au anayesema alitenda akiwa mgonjwa, haombi kusamehewa. Anaomba kusikilizwa. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba hiyo hiyo inasema kwamba mtu ambaye haki zake zinaamuliwa anastahili kusikilizwa kwa ukamilifu, na haikuandika kando yake kwamba askari hayumo.

Historia yetu wenyewe inatoa ushahidi mzito kuliko kifungu chochote. Usiku wa kuamkia Januari 20, 1964, askari wa kikosi cha kwanza cha Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi. Walidai mishahara bora na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Siku iliyofuata Tabora nako kukawaka. Serikali iliyumba kwa siku kadhaa, na Januari 25 wanajeshi wa Uingereza waliotoka kwenye manowari Centaur wakauzima uasi kwa ombi la Mwalimu Nyerere. Jeshi lile likavunjwa, na Septemba 1 mwaka huo ikazaliwa JWTZ. Walioitwa vinara walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Sajenti Francis Higo Ilogi alipewa miaka 15, wengine wakapewa vifungo vifupi zaidi, na wengine waliachiwa huru. Mwalimu alisema hadharani kwamba adhabu zile zilikuwa nyepesi mno, lakini aliheshimu hukumu na hakuzigusa. Katika hili Mwalimu alitenda kama kiongozi wa nchi ya sheria, na anastahili sifa zake zote.

Lakini watazame wale ambao hawakuitwa vinara. Askari wa kawaida, isipokuwa wachache waliobakizwa, waliondolewa kwa mkumbo, wakarudishwa kwao mikoani. Hakukuwa na mtu wa kuchambua nani alivunja ghala la silaha, nani alifuata kwa woga wa bunduki ya mwenzake, na nani alibaki hangani akisubiri kuche. Matokeo yake ni ya kushangaza. Aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa zaidi, la kuongoza uasi, alipata wakili, ushahidi na nafasi ya kuonekana hana hatia, na wapo walioonekana hivyo. Asiyeshtakiwa kwa lolote hakupata nafasi hiyo kamwe, na akaishi na jina la muasi mpaka kifo. Nakubali kwamba Januari 1964 taifa changa halikuwa na nafasi ya kuchuja mmoja mmoja. Zanzibar ilikuwa imepinduliwa siku chache kabla, na Uganda na Kenya zikapatwa na maasi yao wiki ile ile. Uamuzi wa kuvunja jeshi ulikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kwamba dharura ilipokwisha, hakikuwapo chombo chochote cha kurudi kuangalia ni nani alibebwa na mafuriko yasiyomhusu. Mwaka 1970 kilikuwa hakipo, mwaka 1985 hakipo, na leo wengi wa watu hao wameshazikwa.

Asidhani mtu kwamba nchi hii haijui kubadili mawazo. Bibi Titi Mohamed alihukumiwa kwa uhaini baada ya kesi iliyoanza mwaka 1970, kosa zito kuliko utoro wowote wa kikosini. Mwaka 1972 Mwalimu alimwachia, na leo barabara kubwa ya katikati ya Dar es Salaam ina jina lake. Karibu zaidi na zama zetu, Aprili 2021 Mkuu wa Majeshi wa wakati huo, Jenerali Venance Mabeyo, alitangaza kuondolewa JKT kwa vijana zaidi ya 850 waliokuwa wamegoma na kutaka kuandamana hadi Ikulu ya Chamwino kudai ajira. Kitendo chao kilielezwa kuwa ni uasi. Mwaka uliofuata Rais Samia Suluhu Hassan aliwasamehe. Nidhamu ya JKT haikuvunjika, na sijamsikia kamanda aliyelalamika kwamba vijana wa kundi lililofuata walikataa amri kwa kutegemea msamaha. Niliupokea uamuzi ule kwa furaha, na bado nauunga mkono. Ila unatulazimisha kujibu swali gumu. Kwa nini vijana mia nane waliokosea pamoja, wakaandikwa magazetini, walipata mlango, na koplo mmoja wa Ngerengere aliyekosea peke yake miaka ishirini iliyopita asiupate? Hao walionekana kwa sababu ya wingi wao. Huyu hana wingi. Haki inayopatikana kwa kuonekana na wakubwa ni bahati, na bahati haitoshi kuendeshea taifa.

Kuna jambo jingine ambalo wazee wa 1964 hawakulijua lakini sisi tunalijua. Mwili wa askari unaweza kurudi kutoka vitani mzima na akili yake ikawa imeumia. JWTZ ya leo imepigana. Julai 2013 askari wetu 7 waliuawa Darfur. Desemba 7, 2017, kambi ya walinda amani wa Tanzania huko Semuliki, Kivu Kaskazini, ilivamiwa usiku, wakauawa 14 na kujeruhiwa wengine wengi. Wanaopona mapigano ya namna hiyo hurudi kwenye vikosi vyao. Sayansi ya tiba inafahamu vizuri kinachowapata baadhi yao: kukosa usingizi, kunywa kupita kiasi, hasira za ghafla, kutoroka kituo cha kazi bila sababu inayoeleweka. Sasa soma orodha hiyo tena kwa macho ya mkuu wa kikosi asiye na daktari wa akili karibu. Ulevi kazini. Kumpiga mwenzake. Utoro. Kila dalili ya ugonjwa ina jina lake katika kanuni za nidhamu, na kila jina lina adhabu yake. Sisemi kwamba kila mlevi ni mgonjwa wa vita. Nasema kwamba ugonjwa huu unaweza kutambuliwa miaka mingi baada ya mtu kufukuzwa, na kwamba utaratibu wetu hauna mahali pa kuupokea ushahidi wa daktari unapofika umechelewa. Wamarekani iliwachukua miongo kadhaa kulikubali hili kuhusu wanajeshi wao wa Vietnam. Septemba 2014 waziri wao wa ulinzi, Chuck Hagel, aliyewahi mwenyewe kupigana vita hiyo kama askari wa kawaida, aliagiza mabaraza ya kurekebisha kumbukumbu za kijeshi yawaangalie kwa huruma waliofukuzwa kwa makosa ambayo huenda yalitokana na kiwewe cha vita.

Mabaraza ya Marekani ya kupitia namna askari alivyoondoka yana umri mkubwa, na umri wao unajibu hoja ya nidhamu kuliko maneno yangu. Yalianzishwa kwa sheria ya mwaka 1944, Marekani ikiwa katikati ya vita kuu, mamilioni ya vijana wake wakiwa chini ya silaha. Kama kuna siku ambayo kamanda angeweza kusema kwamba kupitia upya mafaili ya waliofukuzwa kutavunja ari ya askari, ilikuwa siku hiyo. Aliyeondolewa ana miaka 15 ya kuomba namna ya kuondoka kwake ibadilishwe, na kwa waliofukuzwa kwa hukumu nzito za mahakama ya kijeshi kuna yale mabaraza ya kurekebisha kumbukumbu. Maombi mengi hukataliwa. Hilo halinisumbui, kwa kuwa ninachotetea ni kusikilizwa, na anayesikilizwa anaweza kuambiwa hapana. Nchi hiyo pia ina aibu inayoonyesha gharama ya kutosikiliza. Mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt aliwafukuza askari weusi 167 kwa tuhuma za kufyatua risasi katika mji wa Brownsville, Texas, bila mahakama yoyote kuthibitisha kosa la hata mmoja. Walisafishwa mwaka 1972, baada ya miaka 66, wakati karibu wote wameshakufa. Uingereza nayo ilisubiri mpaka mwaka 2006 kuwasamehe askari 306 waliopigwa risasi na jeshi lao wenyewe katika Vita Kuu ya Kwanza.

Na jirani zetu wa Kenya wametuonyesha nini hutokea pale sheria isipofungua mlango mapema. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, jeshi zima la anga lilivunjwa, na zaidi ya wanajeshi 2,000 wakakamatwa, wakiwamo wengi ambao hawakuwa na habari ya njama. Hata kamanda wa jeshi hilo, Meja Jenerali Peter Kariuki, alifungwa na mahakama ya kijeshi kwa kushindwa kuzuia uasi. Miongo ikapita. Baadaye, na hasa baada ya Katiba ya 2010, wanajeshi hao wakajaa mahakamani kudai fidia kwa mateso na kuwekwa kizuizini kinyume cha sheria. Wengi walishinda, Kariuki akiwa miongoni mwao. Wengine waliambiwa wamechelewa mno, kana kwamba kuna siku katika miaka ya 1980 ambayo wangeweza kwenda mahakamani wakarudi nyumbani salama. Serikali ya Kenya ikajikuta inalipa fedha za umma kwa makosa ambayo baraza dogo la mapitio lingeyarekebisha zamani kwa kalamu na karatasi. Anayesema kwamba mapitio ni gharama aitazame bili hiyo kwanza.

Imebaki hoja ya siri, ambayo ndiyo pekee ninayoiona ina uzito wa kweli. Faili la rubani au fundi wa rada aliyekuwa Ngerengere linaweza kuwa na mambo ambayo adui angefurahi kuyasoma. Lakini dawa ya siri ni kuchagua wasomaji, si kulichoma faili. Mahakama ya kijeshi yenyewe hushughulikia siri kila mara na haijafungwa kwa sababu hiyo. Baraza ninalolipendekeza liwe ndani ya Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, likutane faragha, liwe na ofisa mstaafu asiyewahi kumwongoza mwombaji, mwanasheria mwenye sifa za kuwa jaji, na daktari. Lisiwe na uwezo wa kumrudisha mtu kazini. Kamanda asilazimishwe kumpokea tena askari asiyemwamini. Liwe na uwezo wa kubadili sababu ya kuondoka iliyoandikwa, kupendekeza stahili alizokwisha kuzifanyia kazi, na kutoa uamuzi wenye sababu kwa maandishi. Muda wa kuomba usiwe chini ya miaka 15, na kwa mwenye ushahidi mpya wa kitabibu usiwe na kikomo. Mjane au mtoto aweze kuomba kwa niaba ya marehemu. Waliouza silaha za taifa, waliobaka, waliomwaga damu ya wenzao watakataliwa, na watastahili kukataliwa.

Sheria ya Ulinzi wa Taifa ni ya mwaka 1966, imetungwa miaka miwili tu baada ya maasi ya Colito, na hofu ya siku zile haikuwa ya bure. Sasa jeshi letu lina miaka zaidi ya 60, limemng'oa Idi Amin, limelinda amani nje ya mipaka, na haliogopi kivuli chake. Kamati ya Bunge inayosimamia ulinzi na usalama haihitaji ruhusa ya mtu kuanza kazi hii. Iwaite wanasheria wa jeshi, madaktari wa hospitali ya Lugalo na viongozi wa wanajeshi wastaafu, iwasikilize, kisha ilete bungeni muswada wa kuongeza sehemu moja ya mapitio katika sheria hiyo. Na wewe msomaji uliye jirani na kambi, mbunge wako akija kuomba kura, muulize jambo hili mbele ya watu.